Fataki za Rangi Mbili

Alhamisi, Novemba. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyonyesha wala isiyokoma. Nilipobadilisha treni katikati ya Birmingham kwenda Selly Oak kwa Mzee Gurmit nilisimama jukwaani mikono mfukoni, nikijiambia nirudi zangu nyumbani Stechford. Sikurudi.

Labda ingekuwa heri ningerudi.

Nataka kuandika yaliyotokea leo kwa Mzee Gurmit kabla sijaanza kuyapamba. Najijua. Nikilala nayo, kesho nitakuwa nimeshapata namna ya kuyafanya yasiume.

Mzee Gurmit ni Kalasinga wa Kisumu. Jina hilo hujiita mwenyewe, akiligonga kifuani kama cheo. Tulijuana kiwandani, mimi mkaguzi mpya wa vipuri vya magari, yeye msimamizi wa zamu aliyekaribia kustaafu. Siku yangu ya kwanza nilibanwa kidole, nikatukana kwa Kiswahili nikidhani niko salama. Sauti ikatoka nyuma yangu: "Mashine haina mama, binti. Unamtukania nani?" Nikageuka, nikaona kilemba cha buluu na ndevu nyeupe. Mimi Msomali wa Isiolo niliyepitia Uholanzi, yeye Mpunjabi wa Kisumu, tumekutana Birmingham kati ya vyuma. Nyumbani kwake Kipunjabi, nyumbani kwangu Kisomali, kazini Kiingereza. Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili tu.

Ni yeye aliyenipeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha. Mwanamke mwenye hijabu amelala kifudifudi na bunduki. Walinikodolea macho kwa wiki kadhaa, kisha wakazoea. Nilipopata leseni yangu ya bunduki alininunulia samosa, akawatangazia watu wote kwamba sasa Kenya ina timu.

Lakini alichokipenda zaidi kuliko kufyatua ni kujaza risasi. Nyuma ya nyumba yake ana gereji isiyowahi kuona gari. Humo ndani alikuwa na meza ndefu, mizani ya kupimia baruti, mashine ya mkono ya kubania, na redio. Ukishafyatua risasi, ganda lake la shaba halitupwi. Unalisafisha, unalirudisha kwenye umbo lake, unalitia fataki mpya kitakoni, unapima baruti, unabandika kichwa kipya. Watu wengi hapa hufanya hivyo, kwa kibali, kwa sababu risasi uliyoijaza kwa mkono wako huijua kuliko ya dukani.

Fataki ni kitu kidogo, kama punje ya dengu. Pini ya bunduki inaigonga, inatema moto, na moto ule unawasha baruti. Mimi nilidhani kazi yake ni hiyo tu, kama kiberiti: kikiwaka kimewaka. Mzee alinicheka. Jumamosi moja ya baridi tulikwenda uwanjani na kipima kasi, tukafyatua risasi zenye baruti ile ile, kiasi kile kile, vichwa vile vile. Tofauti ilikuwa fataki peke yake. Zile za moto mkali zilisukuma risasi kwa kasi zaidi kila mara, na kwenye karatasi mashimo yake yalikaa juu zaidi kuliko yale mengine. Nilitazama namba kwenye kipima kasi kama mtoto aliyeonyeshwa kiini macho.

"Ukibadilisha fataki, umebadilisha risasi," alisema. "Kasi ikipanda, jua kwamba shinikizo la gesi ndani ya bunduki nalo limepanda. Unapunguza baruti, unaanza upya kutoka chini. Usione haya kuanza upya."

Basi ndiyo maana siku ile ya masika namba zilinishtua kabla hata sijaelewa kwa nini.

Ilikuwa Jumapili. Uwanja wetu uko nje ya jiji, nyasi zilikuwa bado zina umande. Mzee alikuwa amelala kwenye mkeka wake, mimi nimekaa pembeni nikimsomea namba za kipima kasi. Risasi zote zilitoka kwenye sanduku moja, alizozijaza mwenyewe wiki ile, karibu kabisa na kiwango cha juu alichozoea. Namba zilipaswa kufanana kama ndugu. Hazikufanana. Moja ilikuwa ya kawaida. Iliyofuata ikaruka juu. Ikafuata ya kawaida, halafu mbili zikaruka tena. Kwenye karatasi mashimo yalipangana wima, juu na chini, kama mtu anayepanda ngazi na kushuka.

"Mzee, hebu simama kidogo," nilimwambia. "Kuna kitu."

"Ni upepo."

Upepo hausogezi risasi hivyo, na yeye ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa bado natafuta maneno ya heshima ya kumwambia alipofyatua nyingine. Mlio ulikuwa mkavu. Kichwa cha Mzee kikaruka nyuma. Fataki ilikuwa imetoboka, gesi ya moto imerudi nyuma kupitia komeo, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya bunduki, na kumpiga usoni. Miwani ya usalama ilimwokoa macho. Shavuni, juu kidogo ya ndevu, damu ikaanza kushuka taratibu.

Msimamizi wa uwanja alipaza sauti, watu wote wakaweka silaha chini. Komeo lilikuwa limekwama, wakalifungua kwa kulipiga. Mzee alikaa kwenye mkeka akijifuta kwa kitambaa na kucheka. "Jua kali leo," alisema. "Joto limepandisha shinikizo." Nilitazama juu. Mawingu matupu.

Nilimrudisha nyumbani mimi. Gereji ilinuka mafuta na iliki. Nilimkalisha, nikamwosha kidonda, kisha nikalimwaga lile sanduku mezani na kuzisimamisha risasi zilizobaki juu chini, vitako vikitazama taa.

Fataki zilikuwa za rangi mbili. Nyingine njano ya shaba, nyingine nyeupe kama fedha. Zile za njano ni za kawaida, alizozitumia miaka yote. Nyeupe ni za moto mkali, alizonunua dukani wakati zile nyingine zilipoadimika, na ambazo tulikubaliana hazitatumika hadi tutakapopunguza baruti. Alikuwa amezichanganya kwenye sinia moja na kuzijaza bila kuona, moja ya huku, moja ya kule.

Alizitazama kwa muda mrefu. Akaichukua moja, akaigeuza, akairudisha pale pale.

"Nani amezichanganya?"

Hakuna mtu anayeingia gereji ile. Ufunguo anao shingoni.

"Hawa wanafunzi wa nyumba ya pili," alisema. "Wanaruka ukuta." Halafu sauti ikaishiwa nguvu kabla hajamaliza kuwalaumu. Redio ilikuwa inaimba kitu cha kijinga. Akanyoosha mkono akaizima.

"Ni mimi, siyo?"

"Ni wewe, Mzee."

Nikamwambia yote, uso kwa uso, nikiwa nimeshika mkono wake. Kwamba siyo sanduku hili tu. Kwamba amenipigia simu mara nyingi kuniuliza jambo lile lile. Kwamba wiki iliyopita aliacha baruti wazi karibu na hita. Kwamba anahitaji kumwona daktari, na mpaka amwone, bunduki zisikae nyumbani. Nililia mimi, yeye hakulia. Alisema nimefanya vizuri kumwambia yeye kwanza. Alisema atazipeleka mwenyewe kwa muuzaji wa silaha azihifadhi, na barua ataiandika mwenyewe kwa ofisi ya leseni.

"Nipe wiki moja," alisema. "Mtu akivuliwa nguo ni aibu. Akivua mwenyewe anaoga."

Nikampa wiki.

Jumapili iliyofuata nilimkuta gerejini. Redio inaimba. Yuko mezani, mkono kwenye mashine, anabana fataki. Alinichekea, akaniambia chai iko kwenye chupa. Shavuni kidonda kilikuwa kimeanza kukauka.

"Uso unaendeleaje?" nilimuuliza.

Akajigusa. "Hii? Nilijikata nikinyoa."

Mzee Gurmit ni Singasinga wa kilemba. Hajawahi kunyoa tangu azaliwe.

Nilivuta kiti nikakaa. Kisha nikaanza upya. Nikamwambia tena yote, na mara hii hakuniacha nimshike mkono. Alisimama, akaniuliza nani amenituma. Akasema nataka bunduki zake, nataka gereji yake, akasema Wasomali ndivyo tulivyo, neno ambalo kwa miaka yote ya urafiki wetu halikuwahi kutoka kinywani mwake. Halafu akachoka ghafla. Akakaa. Akasema sawa, atazipeleka. Siku iliyofuata nikampigia simu kumkumbusha.

"Kupeleka nini?" akauliza.

Ana binti mmoja, Manjit, mhasibu, amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, anakujibu kwa Kiingereza. Tulikutana Digbeth, kwenye mkahawa mmoja uliokuwa ghala zamani, wenye viti vya chuma visivyokalika. Nilimweleza habari za fataki, za namba, za kunyoa. Alikuwa akichana kitambaa cha karatasi vipande vidogo vidogo.

Alisema baba yake anazeeka tu. Alisema tangu mama yake afariki, gereji ndiyo kitu pekee kinachomtoa kitandani, na nikiiondoa nitakuwa nimemzika.

"Manjit, atajiua. Au atamuua mtu uwanjani."

"Subiri miadi ya daktari," alisema. "Miezi michache tu. Naomba, dada Saadia."

Dada. Alilitamka kwa Kiswahili. Nilijua uzito wake.

Nikamwambia siwezi kusubiri, kwa sababu kila siku anajaza. Alisimama, akavaa koti. Akasema nikiita polisi nisikanyage tena nyumbani kwao.

Niliwaita siku ile ile, nikiwa bado nimekaa kwenye kile kiti. Simu ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliniuliza mimi ni nani kwa mzee huyu. Nikasema rafiki. Nilipolisema nikasikia jinsi lilivyokaa vibaya.

Walikwenda kwake na gari lisilo na alama. Manjit ndiye aliyenieleza baadaye, bila hasira, kama mtu anayesoma taarifa. Walikuwa na adabu. Walivua viatu. Mzee aliwafungulia kabati mwenyewe, akawapa kila bunduki kwa mikono miwili, akawaonya ipi ina komeo gumu. Wakachukua risasi, wakachukua na kopo la baruti. Walipokwisha kuondoka alikwenda kukaa gerejini mbele ya meza tupu hadi Manjit alipomtoa. Hawakumwambia nani aliyepiga simu. Hakuwauliza.

"Ni Saadia," alimwambia binti yake. "Aliniuza."

Nilikaa kiangazi chote bila kumwona. Klabuni walinipiga mgongoni wakisema nilifanya jambo la kijasiri. Nilichukia mikono yao. Mwishowe niliacha kwenda. Bunduki yangu niliirudisha kwa muuzaji, nikasema sina muda, kazi nyingi.

Majani yalipoanza kudondoka, Manjit akapiga simu. Daktari alikuwa ameshasema jina la ugonjwa. Mzee alikuwa ameanza kupoteza Kiingereza. Kinamtoka kwanza, Manjit alisema, kama rangi isiyoshika vizuri. Mlezi anayekuja mchana hamwelewi. Anaongea Kipunjabi, na akikasirika au akifurahi sana, anaongea Kiswahili, na Manjit anaelewa lakini hawezi kumjibu. Ulimi unakataa.

Hakusema samahani. Wala mimi sikuitaka. Alisema tu, "Anahitaji mtu wa kumjibu."

Ndiyo nikaanza kwenda Alhamisi. Wiki za kwanza alinijua. Alinipa mgongo, akatazama dirisha, na nilizungumza na kilemba chake. Nilimsimulia habari za kiwandani, nani ameoa, mashine gani imekufa. Mara moja tu alicheka, halafu akakumbuka kwamba hacheki nami tena.

Leo alinifungulia mlango mwenyewe. Mlezi alikuwa jikoni. Nilikuwa na koti la mvua lenye kofia, matone yananidondoka puani. Alinitazama kwa uso uliokunjuka, uso ambao sijauona tangu masika.

"Karibu, karibu mama. Umelowa. Umetoka mbali?"

Nikadhani amenisamehe. Nikavua kofia ili anione vizuri. Aliniona vizuri, na hakunijua.

Tulikaa sebuleni. Alifurahi kupata mgeni wa Kiswahili, alisema hapa mtaani ni watoto wa chuo tu, wanapiga kelele na kutupa chupa. Aliniuliza nyumbani ni wapi. Nikasema Isiolo. Akavuta blanketi magotini.

"Nilikuwa na rafiki wa Isiolo," alisema. "Msomali. Nilimpenda kama binti yangu."

Ningeweza kumkatiza pale.

Akanisimulia. Jina langu halikumjia, lakini mengine mengi aliyakumbuka sawasawa, yeye anayesahau kama amekula. Jinsi alivyonifundisha kupima baruti. Jinsi nilivyoshangaa kuona fataki ikibadilisha kasi. Halafu polisi, soksi zao kwenye zulia, kabati likifunguka, mikono yake mwenyewe ikitoa. Alinyoosha mikono hewani kunionyesha, miwili, viganja juu.

"Alifanya hivyo kwa sababu gani?" nilimuuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kichwa changu," alisema, akijigonga kilemba. "Kilikuwa kimeanza kuharibika. Mimi si mjinga, mama. Nilikuwa hatari. Alikuwa na haki."

Nilishika mkono wa kiti.

"Sasa unamlaumia nini?"

Aliniegemea, kama mtu anayempa mgeni siri ya mji.

"Angeniambia mimi kwanza. Uso kwa uso. Ningempa funguo mwenyewe. Hilo tu. Hakuniambia."

Mlezi aliingia na vikombe. Mzee akamshukuru kwa Kipunjabi. Mlezi akatabasamu bila kuelewa, akatoka.

Nilikuambia, Mzee. Nilikuambia nikiwa nimeshika mkono wako, ukasema nimefanya vizuri. Nilikuambia mara ya pili ukanitukana. Nilikuambia kwa simu. Maneno haya yalinijaa kinywani, na kila moja lilikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingepata pa kukaa ndani yake. Kilichobaki kwake ni maumivu, kuambiwa kwake kumefutika. Ningemwambia, ingebidi kwanza anijue. Angenijua, uso ule ungekunjana. Halafu angesahau nilichosema, na kule kukunjana kungebaki.

Nikasema, "Pole sana, Mzee."

"Si kosa lako, mama," akanijibu, na akanipapasa mkono.

Tulikunywa chai. Akanisimulia habari za Kisumu, duka la baba yake la misumari na nyaya, wateja waliokuja kwa baiskeli. Alicheka mpaka machozi. Ilikuwa Alhamisi yetu nzuri kuliko zote, na nilikaa ndani yake kama mwizi.

Mlangoni alinishika mikono yote miwili. Alisema nije tena, nisingoje mvua iishe, Birmingham mvua haiishi. Manjit alikuwa anaegesha gari. Alituona tumesimama vile, baba yake akinichekea, na uso wake ukachangamka kwa tumaini hata nikashindwa kumtazama. Akaniuliza kwa Kiingereza kama mambo yameisha kati yetu.

Nikasema ndiyo.

Huo ndio uongo wa leo. Nauandika hapa ili usipotee katikati ya mengine. Kesho nitampigia simu nimwambie kweli, kwa sababu atajua tu, siku baba yake atakapomsifia yule mama mgeni wa Isiolo anayekuja Alhamisi.

Wiki ijayo nitarudi. Nitavua koti pale mlangoni, nitamsalimia, nitasubiri kuona ananitazama kwa macho gani. Akinijua, atanipa mgongo, na mimi nitazungumza na kilemba chake. Asiponijua, atanikaribisha.

Nimwombe Mungu anipe lipi?